Anko Yuko Laivu

KARANI: Haloo? Ni nani mwenzangu?

FUNDI: Ofisi ya shule hapo? Mimi mama Kidosho, wa darasa la pili. Yule fundi cherehani anayewashonea sare.

KARANI: Aa, fundi! Za mchana? Zile sketi zimesha—

FUNDI: Achana na sketi, dada. Basi la watoto limetoka?

KARANI: Mbona muda tu. Kwani halijafika?

FUNDI: Liko njiani. Nalitazama.

KARANI: Sasa kama unaliona—

FUNDI: Nalitazama kwenye simu! Anko yuko laivu!

KARANI: Anko dereva?

FUNDI: Huyo huyo. Simu mkono mmoja, usukani kauachia kiwiko. Anasalimia mashabiki. Kinyozi jirani ndo kanikimbilia na simu yake, kamwacha mteja na nusu kichwa. Na watoto nyuma wanaonekana, wanapunga mikono. Kidosho wangu huyu hapa, kasimama juu ya kiti!

KARANI: [anashusha sauti] Jamani. Huyu mtu alisaini. Karatasi yake ninayo kwenye faili, "sitatumia simu nikiwa—"

FUNDI: Faili litashika breki?

KARANI: Nakuelewa, fundi, ila—

FUNDI: Mlezi wa basi si yumo humo? Mpigie yeye amnyang'anye!

KARANI: [anavuta droo]

FUNDI: Haloo?

KARANI: Simu ya mlezi ninayo mimi. Iko kwenye droo.

FUNDI: Kwenye droo?

KARANI: Ni sheria. Anayekaa na watoto haingii na simu. Dereva tu ndo karuhusiwa, ili... ili tumpate ikitokea dharura.

FUNDI: Mungu wangu. Wiki iliyopita mlimpokonya mwanangu mkasi getini. Mkasi wa plastiki, wa kukatia karatasi! Mkaniita, nikaacha kazi, nikaja kusaini.

KARANI: Vyenye ncha haviingii, fundi.

FUNDI: Na hicho alichoshika Anko ni nini, mto wa kulalia?

[mtandao unakwaruza]

KARANI: —unakatika... nasema nawapigia trafiki kwa simu ya mezani. Usikate.

FUNDI: Fanya chap. Sasa hivi kampita mwenye baiskeli hata hajamwona... Wewe Anko wewe! Anacheka. Mtu kamwandikia "Anko fundi wa kona", basi kichwa kinamvimba.

KARANI: Fundi? Trafiki wanauliza sasa hivi kafika wapi.

FUNDI: Nitajuaje? Naona uso wake tu! Naona mabati... ukuta mrefu...

KARANI: Wanasema mabati yako kila mahali. Niandike malalamiko, niyapeleke kituoni kesho na ushahidi.

FUNDI: Kesho?

KARANI: Ndo walivyosema, mwenzangu. Mwalimu mkuu naye yuko kikaoni, simu kazima.

FUNDI: Huyo kazima! Basi mpigie Anko mwenyewe, umwambie—

KARANI: Nimpigie?

FUNDI: Eeh, si...

KARANI: Akipokea je?

FUNDI: Ngoja. Kinyozi, lete hiyo simu. Namwandikia hapa hapa.

KARANI: Fundi, usi—

FUNDI: "Anko, nakuomba, weka simu chini. Mimi mama Kidosho." Tayari. Imepanda. Kaiona! Anaivuta simu karibu... anakunja macho... anasoma, "Anko, nakuomba, we—" Tazama mbele! Anko, mbele!

KARANI: Fundi?

FUNDI: Imeganda.

KARANI: Mtandao huo. Hata huku leo unasumbua.

FUNDI: Alikuwa anasoma ya kwangu.

KARANI: Ni mtandao, dada yangu.

FUNDI: Kinyozi anasema laivu imeisha. Imeandika hivyo. Ina maana kaizima, si ndiyo? Kasoma, kasikia, kaizima.

KARANI: Eeh... kaizima.

FUNDI: Sema vizuri basi.

KARANI: Kaizima, fundi. Ngoja nimjaribu kwa hii ya mezani.

FUNDI: Asipopokea ndo vizuri. Ina maana kaiweka chini.

KARANI: Ndiyo.

FUNDI: Au...

KARANI: Usiseme.

FUNDI: Asipopokea tutajuaje, dada?

KARANI: Inaita.

FUNDI: Asipokee. Ee Mola, asipokee.

KARANI: Bado inaita.

FUNDI: Kata! Kama anaendesha, kata!

KARANI: Nikate?

FUNDI: Usikate. Sijui. Salio langu linalia hapa, linaisha... Dada, mwanangu alikuwa amesimama juu ya ki—

[tii, tii, tii]

KARANI: Fundi? Haloo, fundi? Bado inaita.