Niliyekariri Maneno ya Kila Mtu

Ndugu zangu wa kikundi hiki, mniruhusu nisome. Nimeandika haya mara nne na bado niko na wasiwasi.

Wengi wenu hapa Kitengela mlinijua miaka ya mwanzo ya elfu mbili kama yule kijana wa televisheni. Sikusomea uigizaji. Tangu utotoni nilikuwa naangalia vipindi kwa jirani, nakimbia nyumbani kuandika maneno kwenye daftari, kisha nayasema mbele ya kioo. Sikuwa na mwenzangu, kwa hivyo nilikuwa baba, mama, polisi na mwizi.

Nilipopata nafasi katika mchezo mmoja, nilifanya vilevile. Nilikariri sehemu za kila mtu. Nilidhani huo ndio uhodari. Wiki ya tatu mwelekezi akasimamisha kamera.

"Kijana, unatafuna nini?"

"Sitafuni kitu."

"Basi mbona midomo inasonga huyu mama akiongea?"

"Mwacheni," fundi wa sauti akasema, "anatuombea."

Walicheka, nami nikacheka. Nilipojaribu kuzuia midomo, nikasahau maneno yangu mwenyewe. Tulirudia mara kumi na moja. Baada ya hapo waliandika kwamba kijana niliyemwigiza amepata masomo ng'ambo. Hakurudi.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, niliwadanganya. Mliponiuliza nitaonekana lini, nilisema tuko likizo. Likizo ya mwaka mzima. Usaili wowote ukitangazwa, nilijifanya mgonjwa.

Shangazi akanitafutia kazi Kajiado, kwa mama mmoja Mmaasai aliyeuza dawa za mifugo. Huko mteja hatangulizi shida yake. Anaeleza habari zote kwanza: njia, mvua, malisho, watu wa nyumbani. Mama alikuwa anaitikia "ee" tu mpaka amalize, ndipo zamu igeuke. Mimi nilikuwa nawamalizia maneno. "Ng'ombe anakohoa, sivyo?"

Mzee mmoja akamuuliza mama, "Huyu ametoka bomani kwangu saa ngapi?"

Mama aliniambia, "Mtoto, hata kama unajua, ngoja akuambie."

Siku moja mama hakuwa dukani. Mzee yuleyule akaja. Akaanza na mvua, akafika kwa ng'ombe, nami nilikuwa nimeshashika chupa ya dawa ya minyoo. Nikajizuia. Nikasema "ee". Akaendelea polepole. Ng'ombe walikuwa wazima. Mgonjwa alikuwa mke wake, amelazwa hospitali, na mzee hakujua kusoma karatasi alizopewa. Nilirudisha chupa, nikachukua karatasi, nikamsomea. Ndipo nilipogundua kwamba midomo yangu ilikuwa imetulia muda wote huo, kwa sababu sikujua atasema nini.

Mwezi uliofuata nilienda kwenye usaili wa filamu. Niliomba nipewe maneno yangu peke yake. Nilipewa sehemu ya mwana anayeletewa habari za msiba, maneno sita. Siku ya kurekodi walinirekodi mara moja tu, wakasonga mbele.

Sijapona kabisa. Siku nyingine midomo bado inasonga. Lakini ninafanya kazi.

Namshukuru mama wa dukani, na shangazi yangu. Nawashukuru nyinyi pia, kwa sababu nimekuja kujua mlikuwa mnajua hakuna likizo, na hakuna aliyeniumbua. Mlingoja niseme mwenyewe.

Ninachoweza kuwapa ni kidogo. Mtu akikueleza jambo, na wewe unaona mwisho wake kabla hajafika, mwache afike. Mimi nilikuwa na uhakika ni minyoo.