Bakuli Lililolia Jumapili

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ninayesimama mbele yenu ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, mwalimu wa hesabu mstaafu, na kamati imenipa dakika kumi za kusoma historia ya kaka yangu, na mwenyekiti amenikumbusha mara mbili, mara ya pili akiwa amenishika bega, kwamba mambo ya mabakuli niyaache. Nimemsikia. Nitayasoma hata hivyo, kwa sababu bila mabakuli historia hii itakuwa ya mtu mwingine, na kwa sababu mnaona wenyewe kilichopo mezani hapa, bakuli moja ndani ya ndoo ya barafu na chupa moja ya chai, na mnaona binti wa marehemu, pale mstari wa mbele, amepakata nini ndani ya lile shuka.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa kwanza kati ya wawili, baba yetu akiwa fundi viatu na mama akiwa mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo kila kona ilikuwa na sindano ya kukuchoma. Mimi nilimfuata miaka minne baadaye, na mama alikuwa akisema kaka alipoonyeshwa mdogo wake aliuliza kama anaweza kurudishwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, na sekondari kuanzia 1972 hadi 1975, ambako alifukuzwa maabara kwa muhula mzima kwa kosa la kuponda chupa za soda, kuzichanganya na majivu ya jikoni na kuzipeleka kwa mhunzi ili aone zitageuka kitu gani. Ziligeuka kitu cha kijani kilichoganda kwenye koleo la mhunzi na hakikutoka tena, baba akalipa koleo kwa viatu viwili vya ngozi, na kaka akapigwa, lakini kipande kidogo kilichodondoka chini alikitunza mfukoni mpaka suruali ikatoboka.

Mwaka 1977 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu tarehe 30 Novemba 1979 katika fani ya ufinyanzi, na kuanzia Januari 1980 hadi Desemba 1986 aliajiriwa katika kiwanda cha masinki na vigae, kitengo cha kuchovya, yaani kule ambako chombo kilichochomwa mara ya kwanza huzamishwa katika uji wa mawe yaliyosagwa na majivu, uji ambao ndani ya tanuri huyeyuka ukawa ngozi ya kioo. Sisi nyumbani tuliuita maji ya kioo, na yeye tukamwita Fundi Kioo, jina ambalo limeandikwa hata kwenye kadi yake ya hospitali.

Tarehe 2 Februari 1987 alifungua karakana yake nyuma ya gereji ya malori, chumba kimoja chenye magurudumu mawili, ndoo kumi na nne zenye vifuniko, na uani tanuri alilolijenga kwa mikono yake, na ukutani alitundika kwa waya vigae vidogo vya majaribio, kila kimoja na namba yake mgongoni. Mtu huyu, ambaye kila alipoachiwa wali jikoni uliungua, alijua kwa kuchungulia tundu la tanuri kama ndani kuna nyuzi elfu moja mia mbili au zimepungua kumi. Watu walivuka mito kuja kutafuta kijivu chake chenye kijani kwa mbali, ambacho wengi wenu mnacho makabatini, na ambacho kilitokana na kigae namba 611.

Tarehe 16 Julai 1988 alifunga ndoa na shemeji yangu, muuguzi, mwanamke aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote mliowahi kuwasikia, na mwezi Agosti 1989, kwa furaha ya kupata tanuri zuri, alitengeneza kwa ndoo moja mabakuli matano ya familia, la baba, la mama, la mkewe, lake na langu, yakiwa laini kabisa, hayana hata ufa wa unywele. Tarehe 19 Septemba 1996 alipata mtoto wake wa pekee, binti huyu, akamtengenezea la sita kwa kanuni ileile.

Hapa ndipo nilipoombwa niruke.

Mnaomfahamu mlimsikia akieleza kwamba vyombo hulia. Maji ya kioo yakipoa hunywea kuliko udongo ulio chini yake, basi ngozi inabaki imebana kama shati la mwaka juzi, na siku moja, inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa baada ya miaka kumi na tano, kifungo kinaruka, chombo kinalia ting', na ukikitazama unaona mstari mwembamba. Karakanani vililia kila wiki na hakuna aliyegeuza shingo.

Bakuli la baba lililia Ijumaa tarehe 12 Machi 1993, likiwa tupu mezani, na baba akafariki tarehe 21 mwezi huohuo. Bakuli la mama lililia tarehe 3 Oktoba 2001, na mama akafariki tarehe 25. Wakati huo mimi nilisema kwa sauti, mbele ya watu, kwamba mzee wa miaka sabini na saba na bibi wa themanini hawahitaji bakuli la kuwaita, na nilisema kweli. Kisha Alhamisi tarehe 6 Mei 2004, saa saba mchana, tukiwa tunakula, bakuli la shemeji lililia mbele yake, wali ukiwa bado haujaisha, akacheka kile kicheko chake akasema, "Jamani, mimi nina zamu kesho, waambieni waje wiki ijayo." Alifariki tarehe 30 Mei kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Tangu siku hiyo kaka hakucheka karakanani. Alivunja vyombo vyote vyenye nyufa za urembo, zile za kutiwa makusudi, akaanza kutafuta maji ya kioo yasiyolia milele, akasaga mawe mchana kutwa bila kufunga pua, akafika kigae namba 2,318, na kila kimoja kililia, kingine baada ya wiki, kingine baada ya mwaka, naye akikiandika tarehe na kukiweka kwenye boksi. Mimi nilimwambia mara nyingi kwamba huo ni ujinga wa msomi, nikamfanyia hesabu ubaoni, vyombo elfu ngapi, vilio elfu ngapi, vifo vitatu. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akaniuliza bakuli langu liko wapi.

Ndugu zangu, bakuli langu, hili hapa, lilikuwa juu ya kabati, limefungwa kwenye sweta, tangu Juni 2004. Mimi mwalimu wa hesabu sikuwahi kutia humo hata uji wa vuguvugu kwa miaka ishirini, na mke wangu nilimwambia nalitunza kwa sababu ni zuri.

Kuugua kwa marehemu kulianza mwaka 2019 kwa kikohozi kikavu, na tarehe 11 Machi 2020 daktari wa kifua alimweleza kwamba vumbi la mawe limekaa mapafuni na halitatoka, lakini kwa dawa, kwa kuacha kusaga, na kwa kuhudhuria kliniki kila mwezi, ana miaka mbele yake, na daktari yuko hapa, atanisahihisha nikikosea. Alihudhuria kliniki hamsini na saba bila kukosa. Vumbi na mimi tumezoeana, alikuwa akisema, mmoja wetu tu ndiye anayekohoa.

Jumapili tarehe 5 Januari mwaka huu nilikwenda kula kwake. Binti yake alikuwa kazini, basi baada ya chakula nikasema leo naosha mimi, na kwa kuwa mchuzi ulikuwa na mafuta nikabandika birika, likachemka, nikamimina maji yanayotokota ndani ya bakuli lililokuwa limekaa kwenye maji baridi. Lilikuwa bakuli lake, la mwaka 1989. Lililia mkononi mwangu. Lililia wazi kabisa, na kaka alikuwa chumba cha pili, mlango umefunguliwa.

Akauliza, "Nini hicho?" Nikasema, "Kijiko kimeanguka."

Ndilo jambo nililolibeba mpaka hapa, na sijui nitalibeba mpaka wapi. Mtoto yeyote wa karakanani anajua kwamba maji ya moto kwenye chombo baridi yatakitoa kilio ambacho kingengoja miaka mingine kumi, na mimi nilijua, na ningesema palepale, kaka, nimelipasua mimi kwa uzembe, angenitukana na tungekunywa chai. Nilisema kijiko. Nikalikausha, nikaliweka rafuni, mstari ukiwa umelala chini kutoka ukingo hadi ukingo. Jumatatu asubuhi aliuona. Alhamisi tarehe 9 ilikuwa siku ya kliniki na hakwenda, alibaki karakanani akiandika majina ya watu kwenye vyombo vilivyobaki, na dawa aliziacha kwenye kibahasha chake, binti yake akimbembeleza asubuhi na jioni, yeye akimjibu kwa upole kwamba ameshaitwa na si adabu kuchelewa.

Ijumaa tarehe 17 Januari ndipo nilipopata moyo, nikamweleza yote, birika, maji, uongo wa kijiko. Nilitegemea ataruka kwa hasira, anitukane, kisha arudie dawa zake. Akanishika mkono huu, akasema, "Mdogo wangu, miaka yote unaosha kwa maji ya bomba. Siku hiyo nani alikutuma uchemshe?"

Alipelekwa hospitali tarehe 28 Januari akiwa hawezi kuvuta pumzi, na alifariki Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Ameacha binti mmoja, mdogo mmoja, na mabakuli mawili ambayo hayajalia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, waliompigania mtu aliyekuwa ameshafunga mzigo, inawashukuru majirani, hasa wa gereji, waliolalamikia moshi wa tanuri kwa miaka thelathini na nane na juzi wakaleta kuni wenyewe, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha vigae, na kina mama wa mtaa ambao hawajakaa chini tangu Jumanne. Shukrani zetu hazitoshi, na anayedhani tumemsahau atusamehe.

Sasa nageukia kwako, mwanangu. Najua tangu msiba huu uanze hujalala, najua unalipakata hilo bakuli kama yai, na jana nilikuona ukimzuia mtoto wa jirani asipite karibu na kiti chako. Una miaka ishirini na nane. Siwezi kukuacha uishi ukisikiliza kabati, kama baba yako, na kama mimi niliyejifanya sisikilizi. Chupa hii ina maji yaliyochemka kabla hatujatoka nyumbani, nimeyajaribu kwa kidole na kidole kinauma bado, na bakuli langu hili limekaa kwenye ndoo ya barafu tangu asubuhi. Litalia. Kwa udongo, kwa maji na kwa hesabu, litalia, na kila mtu hapa atasikia na kujua nani alilifanya lilie na kwa nini. Halafu uniangalie. Uniangalie mwezi huu na ujao, na tarehe kama ya leo mwakani uje nyumbani, na hilo lako uje nalo, tulinywee uji wa moto.

Nina presha tangu mwaka 2011, dawa nameza. Lolote likinipata, mtakaobaki anzeni kuhesabu kwenye presha hiyo, si kwenye bakuli. Sitawadanganya, naogopa, naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote kilichofinyangwa kwa udongo.

Kaka, umesaga mawe ya kutosha. Nisamehe kijiko kile. Pumzika kwa amani.

Naomba wenye simu wazizime, na mwenyekiti asinishike bega. Nafungua chupa.