Mwalimu Kalisti Bujiku na Siku ya Mila ya Ng'wandulu

Padri Mkuu wa Chuo, walimu, wanachuo, wazee wangu wa Igaga, na jirani wote mliotoka Mhunze, Maganzo na hata Geita, mwangaluka, na poleni sana kwa msiba. Mimi ni Mabula Bujiku, karani wa ghala la pamba, mdogo wake marehemu, na ukoo umenituma nisome maisha yake. Nasoma kwa shida, kwa sababu Bagika mmesimama upande wa jikoni, Bagalu mmesimama kule kwenye zizi, hamsalimiani, na Padri Mkuu ameniambia wazi kwamba Siku ya Mila ya chuo, iliyopangwa tarehe 28 mwezi huu, itafanyika au itafutwa kabisa kutegemea neno nitakalolitoa leo kwa niaba ya ukoo. Kwa wageni wasiojua, hivyo ni vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, vinashindana tangu enzi za babu zetu, na kila kimoja kinaamini kwamba chama cha pili kina dawa za kuroga.

Marehemu Mwalimu Kalisti Bujiku alizaliwa tarehe 3 Machi 1914 hapa Igaga, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Bujiku, mpiga ngoma wa Bagika, na mama yetu Limi, aliyetoka katika nyumba ya Bagalu, kwa hiyo tangu utotoni alizoea kula pande zote mbili na kutaniwa pande zote mbili. Alianza shule ya misheni mwaka 1924, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1926, akamaliza mwaka 1929, na kuanzia 1931 hadi 1934 alisomea ualimu Tabora, ambako alikwenda kwa miguu hadi stesheni akiwa na shuka moja na kibuyu cha maziwa ya mgando.

Alianza kazi Januari 1935 katika shule ya msingi huko Shinyanga, na mwaka 1941 akahamishiwa Geita, kufundisha watoto wa wachimbaji wa dhahabu, watoto wa Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa na wengine waliotoka mbali kabisa, na hapo ndipo alipojifunza, kama alivyokuwa akituambia, kwamba mtoto anayechekwa kwa namna wanavyoishi kwao hasikii somo hata ukimpigia kelele. Alifunga ndoa tarehe 20 Julai 1940 na shemeji yangu Paskazia, Mama Serafina, na Mungu akawajalia watoto wanne, Serafina, Athanas, Bernadina na Januari, ambao wote wako hapa mbele yenu.

Mwezi Februari 1949 alihamishiwa Chuo cha Ualimu cha Ng'wandulu, akakuta wanachuo wanakariri madaftari kama wanaosali rozari, bila kuelewa, na katika mtihani wa mwaka 1950, kati ya wanachuo thelathini na mmoja, walifaulu tisa tu. Alikonda kwa mawazo mwaka ule. Likizo ilipofika aliwakuta wale wale walioshindwa wakilima kwa ngoma mashambani kwao, akaona kwamba mlimaji dhaifu hawekwi mwisho wa mstari, anawekwa katikati ya wawili wenye nguvu, ngoma inawavuta wote na shamba linaisha, basi akarudi chuoni akapanga madawati vile vile, anayejua kulia, anayejua kushoto, na anayebabaika katikati, na mwalimu haendelei na somo mpaka yule wa katikati aweze kulieleza kwa maneno yake. Walimu wenzake walinung'unika, wengine walisema analeta ushamba darasani, lakini mwaka 1952 walifaulu ishirini na sita.

Siku ya Mila aliianzisha tarehe 8 Agosti 1953, na wengi wenu mlikuwapo, mkaona mama zetu wakisimama mbele ya ubao kufundisha namna ya kuhifadhi mtama usiliwe na wadudu, wachungaji wakieleza alama za masikio ya ng'ombe, na wanachuo wakiandika kwa makini, wengine wakilia, kwa kuwa hawakuwahi kufikiri kwamba mama zao wanaweza kuitwa walimu.

Kosa alilifanya katika Siku ya Mila ya Jumamosi tarehe 25 Agosti 1956, na siwezi kulificha, kwa sababu hata yeye hakulificha. Sote tunajua kwamba katika mashindano ya ngoma hakuna anayetoa alama, watu wenyewe huhamia kwenye ngoma iliyowavuta, na aliyeachwa uwanjani peke yake anajua, lakini kaka yangu, kwa ualimu wake, alichukua chaki akaandika ubaoni Bagika sabini na moja, Bagalu sitini na nane, akidhani anawaheshimu wote. Bagalu walisema mtoto wa Bagika amependelea baba yake, wakaondoka bila kula, na alipomfuata manju wao wa ngoma, Mzee Maige, hadi kwake kuomba radhi, watu walisema amekwenda kunyweshwa dawa.

Mwezi Mei mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba, na wote, mimi nikiwa wa kwanza, tulisema amekanyaga dawa ya Bagalu uwanjani.

Yanayofuata wazee wa ukoo hawajayasikia, nimeyaandika mwenyewe asubuhi hii, na ninaogopa. Tarehe 20 Mei, Selestine, dresa wa zahanati ya chuo, alinipa barua ya kumpeleka kaka hospitali upesi, akasema anaona ni figo, nami nikaiweka barua mfukoni, nikamchukua mgonjwa kwa waganga, mmoja baada ya mwingine, siku ishirini na tatu, huku akiniuliza kila asubuhi kama dresa hajasema neno, nami nikimjibu bado. Tarehe 12 Juni alikuwa hawezi tena kusimama, na aliyeleta mkokoteni na maksai wake, akamfikisha hospitali ya Shinyanga huku akitembea pembeni kumkinga na jua, alikuwa Mzee Maige. Daktari alituambia kwamba kweli ni figo, na kwamba tungewahi ingekuwa nafuu. Siku ya Jumapili, tarehe 8 Septemba, Selestine alikuja kumwona, akaitaja ile barua mbele yangu, na kaka akanitazama, kisha akaomba penseli, akaendelea kusahihisha madaftari ya wanachuo wake. Hakunigombeza. Nilikaa pale siku tano nikisubiri anigombeze, na Ijumaa tarehe 13 Septemba 1957, saa nne asubuhi, akafariki akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Shinyanga, dresa Selestine, ambaye namwomba radhi, Padri Mkuu na walimu wote, jirani mliopika na kuchota maji tangu jana, na wanachuo mliokuja pamoja na woga wenu wa dawa. Tunakushukuru Mzee Maige, baba yetu, ambaye tangu asubuhi vijana wetu wamekuzuia usilikaribie kaburi, nami niliwaona nikanyamaza. Padri Mkuu, neno la ukoo nililotumwa ni kwamba Siku ya Mila ifutwe, nami sikubali kulitoa, kwa sababu ngoma haikumuua kaka yangu. Mwenye kutaka kumchukia mtu kwa kifo hiki asimtazame Maige, anitazame mimi, nipo hapa.

Kaka Kalisti, upumzike kwa amani.