Mzee Uzi, Aliyepima Mikuku ya Watu Wote

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mzee Uzi, alizaliwa Jumapili tarehe 9 Machi 1947, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mpasua mbao katika kiwanda hicho, na mama yake alikuwa mshonaji. Kwa baba alirithi mabega, kwa mama alirithi uzi. Tangu alipojua kutembea hakukosa kipande cha uzi mfukoni. Dada yake mkubwa, aliyeketi hapa mbele, anakumbuka kwamba akiwa na umri wa miaka mitano alikipima kitanda cha wazazi wao, kisha akawatangazia wageni sebuleni kwamba kimepinda. Kilikuwa kimepinda kweli, lakini haikuwa habari ya kuwapa wageni.

Alianza shule ya msingi Januari 1954 na kumaliza mwishoni mwa mwaka 1961. Masomo mengine aliyapitia tu, ila jiometria aliipenda. Katika darasa la sita alinyoosha mkono akasema, "Samahani mwalimu, mstari wako umeinama." Mwalimu akamtuma ofisini akalete rula kubwa ya ubaoni, ili darasa zima lione nani mwongo. Marehemu aliileta, akaipima kwa uzi njiani, na alipofika mlangoni akasema kwa heshima zote kwamba rula nayo imeinama. Wiki hiyo aliimaliza akifagia uwanja. Mwaka uliofuata shule ilinunua rula mpya.

Mwaka 1962 aliingia karakana ya samani kujifunza kutengeneza vitanda na makabati, na kufikia 1970 alikuwa fundi kamili. Mwaka huo huo alimpenda binti wa mkuu wa posta, aliyeishi ng'ambo ya ghuba. Wasifu huu hauna sababu ya kulificha jambo hilo, kwa kuwa mjane mwenyewe analijua na ndiye aliyeagiza lisomwe. Ili kumfikia binti huyo, marehemu aliunda mashua yake ya kwanza kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuwa bapa chini, ya mraba pembeni, imepigwa vanishi ikang'aa. Kwa kifupi, ilikuwa droo yenye tanga.

Jumamosi ya kwanza aliielekeza kwa mkuu wa posta. Upepo ukaisukuma ubavu, ikaenda segemnege, ikatua kwenye gati ya mashine ya kusaga, mbali kabisa na posta. Jumamosi ya pili alielekea juu zaidi ili kuukomoa upepo, akatua pale pale. Kwenye mashine hiyo binti wa mwenye mashine ndiye aliyepima unga, na kaka yake ndiye aliyepokea kamba za vyombo. Kaka huyo ndiye anayesoma wasifu huu leo, na yote haya aliyaona kwa macho yake. Jumamosi ya tatu, marehemu aliposhuka amelowa mpaka kiunoni, shati jeupe limemganda mgongoni, yule binti aliacha mizani akamuuliza:

"Kaka, hivi wewe huwa unakwenda wapi hasa?"

Marehemu akaitazama posta kule mbali, akamtazama binti, akajibu, "Nilikuwa nakuja hapa hapa."

Ulikuwa uongo, na kila aliyekuwepo gatini alijua. Lakini ndio uongo pekee aliokuja kuutimiza kwa miaka hamsini na miwili. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1971 na kujaliwa watoto wanne.

Kabla ya harusi, fundi mmoja mzee wa mashua aliigeuza ile droo chini juu, akacheka mpaka akakaa chini. Alimwonyesha kilichokosekana. Mashua haikuwa na mkuku, yaani ule mti mmoja mrefu unaolala chini kabisa ya chombo, kutoka mbele hadi nyuma. Mbavu zote za chombo husimama juu yake. Huo ndio unaoyashika maji ili upepo wa ubavuni usikibebe chombo ukakipeleka utakako wenyewe, na ndio unaokizuia kwenda mrama. Ukipinda mkuku kwa unene wa kidole tu, chombo kitavuta upande mmoja mpaka siku kitakapooza, na hakuna rangi wala nahodha wa kukiponya. Marehemu aliyasikia hayo, akaacha vitanda siku hiyo hiyo. Mkewe amekuwa akisema tangu hapo, "Huyu angejua kazi yake mapema, mimi ningeolewa na mtu mwingine."

Mwaka 1972 alifungua kiwanja chake cha kuunda vyombo, banda la mabati lenye sakafu ya vumbi la mbao, na humo alifanya kazi miaka hamsini na mmoja. Kila mkuku ulipolazwa juu ya magogo, marehemu alivuta uzi toka mwanzo hadi mwisho, akalala kifudifudi, akafumba jicho la kulia na kuchungulia kwa la kushoto. Kwa mikuku aliyolaza mwenyewe alisimama akasema, "Umenyooka." Kwa ya mtu mwingine yeyote, neno hilo hakuwahi kulitamka. Sifa ya juu kabisa aliyowahi kutoa ilikuwa "si mbaya", na kuna fundi aliyeambiwa hivyo mwaka 1988 akaenda nyumbani kuwaita majirani.

Nyumbani hali haikuwa nyepesi. Alipima meza ya mkwe wake. Alipima jengo la benki, akamwandikia meneja barua. Alipima pua ya shemeji yake, ambaye hajasahau.

Binti yake wa kwanza aliingia kiwanjani mwaka 1994, na magoti ya marehemu yalipoanza kugoma, mwaka 2016, binti ndiye aliyeshika kazi ya kulaza mikuku. Marehemu alibaki na kazi ya kulala kifudifudi. Binti alilaza tisa. Kwa kila mmoja aliambiwa, "Umepinda kidogo, pale mbele." Kila mmoja aliupima tena toka mwanzo, mara nyingine mara tatu, na vyombo vyote tisa vilikwenda majini vikaenda sawa. Binti hakulalamika mbele za watu, ila alimwambia mama yake kwamba hataki zawadi wala sherehe katika maisha yake, anataka neno moja tu kutoka kwa baba, na anaogopa mmoja wao atakufa kabla halijasemwa.

Mwaka 2023 kiwanja kilipata kazi kubwa kuliko zote, kivuko cha abiria chenye mkuku wa mita kumi na nne. Mwenyekiti wa kamati ya kivuko alikuwa mtu wa tahadhari, hakumung'unya maneno. "Mzee akisema umenyooka, tunaendelea," alimwambia binti. "Asiposema, dada, utanisamehe, nitatafuta fundi mwingine." Binti alirudi nyumbani hana hamu ya chakula.

Wakati huo huo ndipo ugonjwa ulipojulikana. Jumatatu tarehe 7 Agosti 2023 marehemu alipelekwa kliniki ya macho, kwa sababu alikuwa amemwaga chai pembeni ya kikombe siku nne mfululizo. Daktari alimziba jicho la kulia, akamwomba asome herufi ukutani kwa la kushoto. Marehemu aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha akasema, "Daktari, ukuta wako umepinda."

Jicho la kushoto lilikuwa halioni kitu. Presha ya macho ilikuwa imelimaliza, na daktari alikadiria kwamba ilikuwa imepita miaka miwili tangu life. Binti, aliyekuwa amesimama nyuma na koti la baba mkononi, alipiga hesabu haraka. Katika miaka hiyo miwili alikuwa amelaza mikuku mitatu.

"Baba," alisema, "unafumba jicho linaloona, unachungulia kwa lisiloona, halafu unaniambia nimepinda?"

"Wewe ulipima tena?"

"Nilipima."

"Ukakuta nini?"

"Umenyooka."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Binti alimvalisha koti, akamfunga vifungo vyote, na hakumsemesha kwa siku kumi na moja. Angeweza kumwambia mwenyekiti kwamba mpimaji ni kipofu wa jicho la kupimia. Hakufanya hivyo, kwa sababu jina la mzee lingekwisha siku hiyo hiyo. Mama yake alimwona akilia jikoni, akaenda chumbani akafunga mlango na kuzungumza na mumewe. Yaliyosemwa humo hatuyajui, isipokuwa nyumba nzima ilisikia neno "droo" likitajwa mara mbili.

Ijumaa tarehe 18 Agosti marehemu alivaa koti, akafika kiwanjani kabla ya mwenyekiti. Mafundi wote walikuwepo. Alipiga moyo konde akasema, "Mwenyekiti, jicho langu la kupimia limekufa. Limekufa miaka miwili, na nimewadanganya hawa wote. Leo nitapima kwa mkono." Kisha akavuta uzi pembeni ya mti toka mwanzo hadi mwisho, akapiga magoti, yale magoti, akaingiza kidole gumba kati ya uzi na mti. Nafasi ikiwa moja mwanzo hadi mwisho, mkuku umenyooka. Ikibana au ikilegea popote, umepinda. Alifumba macho yote mawili, akaanza kutambaa.

Mita kumi na nne zilimchukua karibu saa nzima. Katikati alisimama ghafla akasema, "Hapa." Binti alishika nguzo ya banda.

"Hapa pana nini, baba?"

"Hapa napumzika."

Alipofika mwisho alikaa juu ya vumbi la mbao, akafungua macho, akamtafuta bintiye kwa lile moja. "Umenyooka," alisema.

Mwenyekiti akauliza kama mzee ana uhakika. "Kwa mara ya kwanza ndani ya miaka miwili," marehemu akajibu. Binti alicheka, kisha akalia, na mafundi wakapata kazi za kufanya nje. Marehemu aliukunja ule uzi taratibu, akautia mfukoni mwa koti, akamwambia, "Na wewe sasa tafuta wako."

Hakurudi tena kupima. Moyo ulianza kumsumbua Juni 2024, na alifariki Alhamisi tarehe 14 Novemba, saa tatu asubuhi, kitandani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono. Kitanda hicho alikitengeneza mwenyewe mwaka 1971, na hakijapinda.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja, na shemeji mmoja mwenye pua kama ilivyo. Uzi wake umo mfukoni mwa koti alilovaa. Binti anao wa kwake. Wengi wenu mmevuka asubuhi hii kwa kile kivuko, upepo ulikuwa wa ubavuni, na mmeshuka pale pale mlipokusudia.

Apumzike kwa amani, na huko aliko asimpime mtu.