Modest Lugembe, Mpiga Picha wa Vyombo vya Angani (1931–1981)

Marehemu Modest Lugembe alizaliwa Nzega tarehe 3 Machi 1931, mtoto wa pili wa Mzee Masolwa na Mama Ng'washi. Alisoma hadi darasa la nane, kisha akajifunza upigaji picha kwa Mhindi mmoja mjini Tabora. Mwaka wa Uhuru alifungua studio yake mtaa wa Ng'ambo, mjini humo. Tarehe 9 Juni 1962 alifunga ndoa na Bertila, wakahamia mtaa wa Isevya.

Padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya alimwachia darubini. Marehemu aliifungia kamera, na kila magharibi akawa uani akivizia vyombo vya angani. Agosti 1973 alikinasa kituo cha angani cha Wamarekani: kidoa chenye mabawa kama panzi.

"Mama Siwema, njoo! Mle ndani mna watu watatu!" Alimshikilia mkewe pale uani hadi ugali ukaungua.

Jirani yake, Ndugu Kashindye, balozi wa nyumba kumi, alikuwa akikitamani kiwanja cha marehemu. Akapeleka maneno polisi kwamba marehemu ni jasusi. Darubini akaiponda kwa mchi mbele ya Bertila. Marehemu aliwekwa mahabusu miezi mitano, akatoka na kikohozi ambacho hakikumwacha tena.

Hakugombana na mtu. Alisubiri. Mwaka 1977 mama yake Kashindye alifariki, na picha yake pekee duniani ilikuwa negativu, filamu ya kusafishia picha, iliyohifadhiwa studio kwa marehemu. Kashindye akaja, kofia mkononi.

"Kaka Modest, nisafishie picha ya mama. Sura yake imeanza kunipotea."

"Darubini yangu iko wapi?"

"Nisamehe, kaka."

"Basi mtafute kwa macho matupu, kama unavyonitafutisha mimi vyombo vyangu vya angani."

Alikuja mara tisa. Mara zote tisa alirudi mikono mitupu.

Marehemu alifariki kwa kifua kikuu tarehe 14 Februari 1981. Padri alipomsihi asamehe, alijibu, "Nimewasamehe wote, isipokuwa mmoja."

Ameacha mjane, Bertila, binti, Siwema, na dada, Minza, anayesoma wasifu huu.

Ndugu Kashindye, tumekuona umesimama kule nyuma. Marehemu aliagiza negativu ya mama yako iwekwe mfukoni mwa koti lake, nasi tumemtii. Jeneza limekwisha kupigiliwa misumari.

Modest, lala salama. Mungu akupe pumziko.