Kikigusa Mchanga ni Chako

Benchi ya Ayen, muuza kahawa, ni ubao mmoja juu ya matairi mawili ya lori, kando ya barabara ya Lokichoggio hapa Kakuma, na ukikalia ncha moja bila mtu upande wa pili unapinduka na kikombe chako. Nilifika pale jioni, mwanangu Lokorio mgongoni, viatu vya mbio vimefungwa kwa leso, maana kesho asubuhi ni mchujo Lodwar na wakinichukua naingia kambi ya mazoezi, nakuwa na kazi, na mara ya mwisho nilipokimbia soli ya kiatu feki ilibanduka katikati ya mbio nikaanguka kifudifudi, na siku hiyo Lokorio alikuwa tumboni na mimi sikujua. Alizaliwa mzima, lakini tangu hapo naogopa. Nilitaka tu mtu aniambie hivi ni orijino. Levis aliyeniuzia alikuwa papo hapo anakunywa kahawa, gunia lake la viatu miguuni, na sharti lake tunalijua sote: kiatu unaweza kurudisha mpaka jua lizame, lakini kikigusa mchanga ni chako.

— Ejok, Mama Lokorio, alinisalimia mzee Ethuro, ambaye tunamwita Tairi kwa sababu ndiye hukata sandale za matairi. Umebeba nini kama mayai?

— Viatu, mzee. Niangalieni kama ni orijino.

— Si aliyekuuzia ni huyu, muulize.

— Nimemuuliza. Amesema ndiyo.

— Angesema nini sasa? alidakia Kon, ambaye tunamwita Profesa kwa sababu hajawahi kusema sijui. Leta ninuse.

Akatia pua yote ndani.

— Orijino inanuka duka. Feki inanuka gundi.

— Na hii?

— Inanuka kahawa. Ayen, sogeza hiyo jebena.

— Profesa, toa pua kwa mali ya watu, alisema Levis. Angalia ushonaji. Hakuna uzi hata mmoja umekosea.

— Hiyo ndiyo shida. Feki inajua itachunguzwa, kwa hivyo haikosei. Orijino ikikosea, nani ataiuliza?

Ayen alikuwa anamimina kahawa kutoka birika hilo la udongo, akasema kule Juba walikuwa wanapima kwa mkono, nyepesi ndiyo orijino. Kon akatikisa kichwa.

— Sikiliza, Mama Lokorio. Viatu vikitoka bandarini, vya kulia vinapanda lori moja na vya kushoto lori lingine, ili dereva asiibe. Lori moja likipotea, watu wanatengeneza upande uliokosekana. Hapo unaweza kuwa umeshika mguu mmoja orijino na mmoja feki.

Nikavitazama vyote viwili.

— Orijino ni upi, Profesa?

— Wa kushoto, alijibu, haraka sana.

— Zamani hatukuuliza orijino, alisema mzee Ethuro. Tuliuliza, hii sandale imetoka lori gani. Ya lori la mahindi ilikuwa haiishi. Ya gari la padri ilikuwa laini, wasichana waligombania. Ukipita mchanga wa laga, ule mto mkavu, watu wanaona nyayo wanajua ni wewe na tairi yako. Akoru huyu, babake nilimkatia sandale zikadumu kuliko ng'ombe wake.

Akoru. Siku nyingi sijaitwa hivyo, mimi ni Mama Lokorio tu, na nikajiona Lodwar nikiwa kidato cha tatu, mchanga wa moto, wasichana wa bweni letu wanaliimba hilo jina, nakimbia miguu mitupu kwa sababu viatu vya shule vilinichubua, na hakuna kitu nilikuwa naogopa, hakuna kabisa.

— Hata mbuzi wanajua, Kon aliendelea. Mbuzi atatafuna feki, orijino ataiacha.

— Mbuzi wa wapi? nikauliza.

— Wa Kaaleng. Wa hapa wanatafuna hata mabati.

Mbuzi mmoja alikuwa anapita. Sote tukamwangalia. Levis akavuta viatu kifuani.

Ndipo akaja mwalimu Bilha, aliyehamishwa hapa juzi kutoka Vihiga, kutafuta kahawa.

— Habari zenu. Viatu vizuri, ni vya nani?

— Vyangu, madam.

— Vinakutosha?

Levis akamwangalia Kon. Kon akaiangalia jebena.

— Hamjavijaribu?

— Vikigusa mchanga havirudi, nikasema.

— Sasa saizi ulijuaje?

— Ni ile yangu ya shule.

Hakucheka. Alinifungua mtoto mgongoni, akampakata.

— Panda juu ya benchi.

Mzee Ethuro akahamia ncha ya pili ubao usipinduke. Nikaingiza mguu wa kushoto, ule wa Profesa, nikasukuma, nikasukuma tena, kisigino kikabaki nje.

— Mimi mtoto wa kwanza alinipandisha saizi nzima, alisema Bilha. Mguu haukurudi.

Nilitaka kulia. Jua lilikuwa limefika vilimani.

— Levis, una kubwa ya hii?

Akachakura gunia, akatoa jozi ya rangi nyingine kabisa. Kon akanyoosha pua.

— Profesa, wacha, alisema Ayen.

Nikavaa pale pale juu ya ubao. Vidole vikanyooka.

— Na hivi, aliuliza Bilha, ni orijino?

Levis akaanza kufunga gunia lake. Ayen akainamisha jebena juu ya kikombe cha mwalimu, ikatoa tone moja na machicha. Mzee Ethuro alikuwa bado amenikalia ubao.

— Shuka, Akoru, alisema. Tuone nyayo zako.

Nikashuka mchangani.