Fundi Kesho Asubuhi

Ndugu, majirani, na ninyi mafundi mliofunga gereji leo mkaja moja kwa moja na nguo za kazi, anayewasomea ni mdogo wake marehemu, wa pekee, na familia imemtuma aseme yote, hata yale yasiyompendeza yeye mwenyewe.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, wa kwanza katika watoto wawili wa dereva wa lori, akaanza shule Januari 1965, akamaliza 1971, kisha akaingia chuo cha ufundi, ambako mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu anasikiliza injini kuliko anavyomsikiliza mwalimu, jambo ambalo baba alilicheka miaka yote.

Mwaka 1976 aliajiriwa na kampuni ya mabasi, na tarehe 2 Mei 1989 akafungua gereji yake nyuma ya stesheni, akabobea katika magari ya dizeli yenye ule ugonjwa wa leo linawaka, kesho linagoma. Mteja akija mchana, injini ikiwa imeshapata moto na inanguruma vizuri tu, hakufungua hata boneti, alisema liache lilale hapa, nitaliwasha mwenyewe kesho asubuhi likiwa baridi, ndipo akaitwa Fundi Kesho Asubuhi, wengine wakidhani anawapiga chenga. Dereva mmoja wa gari la shule alikuwa ameshabadilishiwa betri, stata na nozeli kwingine, na bado kila alfajiri anapiga stata weee, gari likiwaka linatetemeka na kutoa moshi mweupe, baada ya dakika mbili limetulia kama si lenyewe. Marehemu alifunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kwenye njia ya dizeli, akalilaza, asubuhi akaona mapovu yanapita, kumbe klipu moja imelegea, hewa inaingia, na dizeli inarudi kwenye tangi usiku kucha. Akaikaza kwa bisibisi, basi.

Alifunga ndoa tarehe 9 Septemba 1984 na shemeji yetu mshonaji, wakajaliwa binti mmoja mwaka 1987, muuguzi anayeishi mbali, ambaye amefika jana. Shemeji alitutoka Juni 2015, na tangu hapo kaka aliishi peke yake katika vyumba viwili juu ya gereji, akipika chakula cha mtu mmoja, redio ikiongea kutwa ili pawe na sauti ndani. Upweke ule tuliuona, tukauita utulivu.

Ugonjwa ulianza Februari mwaka huu. Kila alfajiri kifua kilimbana, miguu ikaisha nguvu, akakaa ukingoni mwa kitanda hata saa nzima, lakini ikifika saa nne yuko chini ya gari anatania wateja. Daktari alimpima mara tatu, zote mchana, akamkuta hana neno, na sisi tulikuja mchana, tukanywa chai yake, tukamwambia mbona uko fiti. Jumamosi tarehe 3 Agosti, mdogo wake alipokuwa anaaga, kaka, mtu asiyejua kuomba, alimshika mkono akasema, "Lala hapa leo, mdogo wangu, unione asubuhi." Mdogo wake akasema ana shughuli, atakuja Jumatano kulala. Jumatano hakwenda, wala hakupiga simu, na sababu ya maana hakuwa nayo.

Alifariki Alhamisi tarehe 8 Agosti, alfajiri, saa kamili hatuijui kwa kuwa hapakuwa na mtu. Jirani fundi viatu, alipoona gereji haijafunguliwa, alipanda ngazi, akamkuta kitandani amevaa kiatu kimoja, na katika chumba cha pili akaona kitanda kimetandikwa shuka mpya, taulo limekunjwa juu yake.

Tunamshukuru daktari, ambaye hana kosa lolote, tunamshukuru fundi viatu, majirani walioleta viti, na mafundi waliomalizia magari matatu aliyoyaacha.

Binti yake aliuliza jana kitanda kile kilitandikiwa nani, na familia imetaka jibu litolewe hapa, mbele yenu. Kilikuwa changu. Nisamehe, kaka yangu, na upumzike kwa amani.